Korona Imepita, Kichaa Kipo: Kumtunza Mbwa Katavi Wakati wa Mlipuko

Tarehe 16 Machi 2020, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania: msafiri aliyetua Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Kesho yake shule zikafungwa. Kufikia siku hizo habari ya mbwa wa Hong Kong ilikuwa imeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Alikuwa mbwa mdogo, mzee, aliyekutwa na virusi mwishoni mwa Februari baada ya mwenye mbwa kuugua. Ujumbe ulivyozidi kutumwa ndivyo ulivyozidi kukatwa, hadi ukabaki na maneno matatu: mbwa wanaleta korona. Huko Ulaya na Marekani swali lilikuwa mbwa atembezwe vipi na mtu aliyeamriwa kukaa ndani. Huku Mpanda, mkoani Katavi, hakuna aliyeamriwa kukaa ndani, na mbwa wa Makanyagio au Kawajense hatembezwi na mtu. Anajitembeza.

Ndiyo maana ushauri mwingi uliotolewa duniani kuhusu mbwa na janga haukuwa na pa kukaa katika Mkoa wa Katavi. Huku hatari inayomkabili mbwa na mwenye mbwa wakati wa janga haiko kwenye janga lenyewe. Iko kwenye magonjwa ya kila mwaka ambayo janga linayafunika. Korona ilipoingia, kila jicho na kila shilingi vilielekezwa upande mmoja. Kichaa cha mbwa hakikusimama kusubiri, wala ndorobo hawakuhama porini.

Tuimalize korona kwanza, maana kwa upande wa mbwa ni habari fupi. Mbwa anaweza kuambukizwa na binadamu anayeishi naye, lakini mara chache huumwa, na hakuna ushahidi kwamba mbwa walichangia kwa kiasi cha maana kueneza ugonjwa kwa watu. Mnyama aliyeleta wasiwasi wa kweli alikuwa mnyama mdogo wa kufugwa kwa ajili ya manyoya, yule Wazungu wanayemwita mink: Denmark iliua mamilioni ya wanyama hao mwishoni mwa 2020. Madhara kwa mbwa yalitokana zaidi na hofu ya wenyewe. Kuna waliowaosha kwa jiki au kuwapaka vitakasa mikono kwenye nyayo, wakasahau kwamba mbwa hujiramba, na kinachopakwa mguuni saa nne huwa tumboni saa tano. Sabuni ya kawaida na maji vilitosha. Mwenye mbwa akiugua, kazi ya kumlisha ashike mtu mwingine wa nyumbani hadi apone. Hapo korona na mbwa tumeshamaliza.

Sasa mbwa mwenyewe. Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Ya 2022 ikakuta 1,152,958, yaani zaidi ya mara mbili katika miaka kumi. Ongezeko la namna hiyo halitokani na kuzaliana tu. Wamehamia wafugaji na wakulima wanaofuata malisho na ardhi, Wasukuma wakiwa wengi, na wamekuja wachimbaji wa dhahabu. Wamekuta wenyeji, Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na Wafipa, na makazi ya Katumba na Mishamo yaliyoanzishwa kwa ajili ya waliokimbia Burundi mwaka 1972, ambao wengi wao leo ni raia wa Tanzania. Kila familia iliyohama na ng'ombe ilihama na mbwa wake.

Mbwa huyu ana kazi. Mahindi yakikaribia kukomaa huko Mpimbwe au Kabungu, usiku analala kwenye dungu la lindo na vijana, akisikiliza nguruwe pori. Mchana anakimbizana na nyani na ngedere. Kwenye zizi anamtambua fisi kabla ya binadamu. Akifuatana na warina asali wa Inyonga anaweza kukaa porini siku kadhaa. Chakula chake ni ukoko wa ugali, vichwa vya dagaa na mifupa, na kisipotosha anajazia machinjioni au dampo. Jina analo: Simba, Tomi, Jeki, Chui. Uzio hana.

Ukosefu huo wa uzio ndio unaowapotosha watu wa ofisini. Akimwona mbwa barabarani bila mtu, afisa anaandika kwenye ripoti "mbwa mzururaji", kana kwamba hana mwenyewe. Tafiti zilizofanyika Tanzania zimeonyesha mara kwa mara kwamba mbwa wengi mno wanaoonekana wakizurura wana nyumba wanayorudi jioni na mtu anayeweza kuwashika. Jambo hili linaonekana dogo, lakini sera nzima inasimama juu yake. Mbwa mwenye mwenyewe anaweza kuletwa kwenye chanjo. Asiye na mwenyewe hufikiriwa risasi.

Na hapo tunafika kwenye kichaa, ambacho ndicho kiini cha suala zima.

Kwa makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani, kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalifikia vifo 1,500 hivi kwa mwaka, zaidi ya mara mia ya vile vilivyokuwa vikiandikwa kwenye takwimu rasmi. Tofauti hiyo haina siri. Mgonjwa wa kichaa cha mbwa hufia nyumbani, au njiani, au hospitali humrudisha akafie kwake kwa sababu hakuna tiba dalili zikishaanza. Wengine huhesabiwa kama malaria iliyopanda kichwani, wengine kama waliorogwa. Sehemu kubwa ya wanaong'atwa ni watoto, kwa sababu mtoto ndiye anayecheza na mbwa na ndiye asiyesema alipong'atwa akiogopa kuchapwa.

Virusi hivi havitembei kwenye damu. Vinaingia na mate kupitia jeraha, vinashika mshipa wa fahamu na kupanda polepole kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo huchukua wiki kadhaa, mara nyingi mwezi mmoja hadi mitatu, na jeraha likiwa usoni au kichwani huwa fupi. Uchelewaji huo una pande mbili. Unampa mtu nafasi ya kuchanjwa baada ya kung'atwa na kupona kabisa, kitu ambacho ni nadra katika magonjwa ya virusi. Lakini pia unamfanya asahau. Kidonda kidogo mguuni kimeshapona, mbwa mwenyewe haonekani, kuna palizi. Nani atapanda bodaboda hadi mjini kutafuta sindano?

Kuna jambo moja kuhusu kichaa ambalo natamani kila diwani alijue. Mwaka 2009 kundi la watafiti lililoongozwa na Katie Hampson lilichapisha matokeo ya kazi ya miaka kadhaa katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro. Walikwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza mbwa gani alimng'ata nani, hadi wakachora mlolongo mzima wa maambukizi. Walikuta kwamba mbwa mmoja mgonjwa huambukiza, kwa wastani, zaidi kidogo tu ya mbwa mmoja mwingine. Linganisha na korona ya mwanzo, ambapo mgonjwa mmoja aliambukiza wawili au watatu, au surua, ambapo huwa zaidi ya kumi. Kichaa ni ugonjwa wa kutisha kuliko yote na papo hapo ni miongoni mwa ile inayoenea kwa uvivu. Kinaishi kwa sababu tunakiacha kiishi.

Hesabu ya chanjo inatoka hapo. Ukichanja mbwa 70 kati ya kila 100 kwa mara moja, mwaka ukipita wengi watakuwa wamekufa na watoto wengi watakuwa wamezaliwa, kwa maana mbwa wa kijijini haishi miaka mingi. Huliwa na chui, hugongwa na lori, huugua. Kinga itashuka, pengine hadi nusu ya ilivyokuwa. Lakini bado itabaki juu ya kiwango kinachohitajika kukata mlolongo, hadi raundi inayofuata ifike. Ruka mwaka mmoja, na kizingiti hicho kinavukwa. Ruka miwili, na unaanza upya. Hii ndiyo sababu nasema janga la binadamu ni hatari kwa mbwa hata kama virusi vyake havimgusi: linatosha kuruka mwaka.

Mwezi Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri chanjo za mikusanyiko ziahirishwe kwa muda, na nchi nyingi zikasimamisha kampeni za mbwa pamoja na nyingine. Mjini Arequipa, Peru, ambako kichaa kilikuwa kimerudi mwaka 2015, kusimama huko kuliikuta kinga ya mbwa ikiwa tayari iko chini. Kwetu hakuna aliyefungiwa, lakini shule zilifungwa hadi mwishoni mwa Juni, na shule ndiyo nguzo ya chanjo ya mbwa vijijini. Tangazo hupitia kwa mwalimu, na anayemleta mbwa ni mwanafunzi.

Aliyewahi kuona siku ya chanjo ya mbwa anajua nazungumzia nini. Chini ya mwembe wa shule kuna meza moja, boksi la barafu, daftari na kopo la rangi. Watoto wanatokea pande zote, kila mmoja na kamba: ya katani, ya manila, mkanda wa begi, kipande cha kitenge. Mbwa wengi hawajawahi kufungwa maishani mwao, kwa hiyo nusu wanaburutwa na nusu wanaburuta. Ugomvi unazuka kwenye foleni. Mvulana wa miaka kumi anamlaza mbwa mkubwa kuliko yeye, anambana kichwa kwa magoti, anasema "Tulia, Tomi," na sindano inaingia kwenye ngozi ya bega kabla Tomi hajajua. Anapakwa alama ya rangi mgongoni, kadi inaandikwa. Dakika moja, hata haifiki. Kisha anakuja mama mwenye watoto wa mbwa watatu kwenye beseni, na hapo mara nyingi anaambiwa awarudishe, bado hawajafika miezi mitatu.

Kumrudisha mama huyo ni kosa, japo linafanywa kwa nia njema. Lebo za chanjo nyingi husema miezi mitatu, lakini miongozo ya kampeni za kutokomeza kichaa inataka mbwa wote wachanjwe, vitoto vikiwemo. Katika kijiji ambako robo au zaidi ya mbwa wanaweza kuwa vitoto, ukivirudisha, asilimia 70 inakuwa ngumu mno kufikiwa.

Kikwazo cha pili ni umbali. Mkoa una eneo la kilomita za mraba zaidi ya 45,000 na halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika. Mtoto yuko tayari kumburuta mbwa kilomita moja, tatu hawezi. Kitongoji kisichofikiwa leo ndicho kichaa kitakakojificha mwakani.

Cha tatu ni baridi. Kwa miaka mingi Mpanda ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikiendeshwa na jenereta za dizeli, na anayeijua Mpanda ya wakati ule anajua friji ilivyokuwa kitu cha bahati. Chanjo huagizwa itunzwe kati ya nyuzi 2 na 8. Lakini hapa Tanzania wenyewe, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 chini ya Felix Lankester ulionyesha kwamba aina moja ya chanjo ya kichaa iliyotumika kuchanja mbwa ilibaki na nguvu hata baada ya kukaa miezi sita kwenye nyuzi 25, au mitatu kwenye nyuzi 30. Baadaye watafiti Watanzania wakajaribu kuihifadhi kwenye vyungu vya udongo vyenye mchanga na maji, kwa kanuni ile ile ya mtungi wa maji ya kunywa. Kwa Katavi, ugunduzi huu una thamani kuliko gari jipya. Dozi mia zikiwa kwenye chungu ofisini kwa afisa mifugo wa kata, chanjo haingojei tena msafara kutoka mkoani. Inaweza kufanyika Jumanne yoyote, na hata mikusanyiko ikipigwa marufuku inaweza kufanyika nyumba kwa nyumba.

Mtu aking'atwa, mambo ni machache na mpangilio wake ni muhimu. Jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Sabuni ya mche inatosha, na dakika 15 ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Pima kwa saa. Pilipili, dizeli, unga wa betri au majani yasitiwe. Kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo. Utaratibu mfupi uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 ni wa siku ya 0 (ya sindano ya kwanza), ya 3 na ya 7, kwa sindano ndogo za ndani ya ngozi, unaotumia dawa kidogo kuliko ule wa zamani. Mwenye jeraha lililopenya ngozi anahitaji pia kinga ya kudungwa kwenye kidonda chenyewe, ambayo mikoani ni adimu, na hapo kuosha jeraha kunabeba uzito mkubwa zaidi.

Mbwa aliyeng'ata asiuawe haraka kama anaweza kufungwa salama. Afungwe, alishwe, apewe maji, atazamwe siku kumi. Mwenye kichaa kwenye mate hatazimaliza siku hizo: atabadilika sauti, ataangusha taya, atashindwa kumeza, atang'ata mti na upepo, au atalala gizani kimya na kufa. Hiyo aina ya kimya watu huisahau, na wanaofungua mdomo wa mbwa wakidhani amekwamwa na mfupa ndio wanaoambukizwa. Akipita siku kumi akiwa mzima, hakukuambukiza. Mtu anaendelea na sindano zake wakati akingoja. Hangojei mbwa ndipo aanze. Utaratibu huu haugharimu kitu, lakini ukivuma uvumi kwamba kuna mlipuko, huwa wa kwanza kutupwa. Rungu hutangulia.

Na rungu hilo mara nyingine huwa la serikali. Tangazo la kwamba mbwa atakayekutwa nje baada ya tarehe fulani atapigwa risasi halmashauri zetu zinalijua vizuri. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 na ile ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 zinataka udhibiti, na udhibiti rahisi kuonyesha ni mizoga. Tatizo ni kwamba haufanyi kazi. Kisiwani Flores, Indonesia, kichaa kilipoingia mwaka 1997, mbwa wengi waliuawa na kichaa kikabaki. Watu walificha mbwa wao au kuwahamishia vijiji vingine, na wengine walileta vitoto vipya kujaza nafasi. Risasi haichagui, inamuua aliyechanjwa sawa na asiyechanjwa, na kila aliyechanjwa akifa kinga ya kijiji inapungua. Kwa mfugaji wa Mlele, kumuua mbwa wake ni kumfungulia fisi zizi.

Hofu ya mlipuko ina historia yake na mbwa. Oktoba 2014, muuguzi msaidizi mmoja wa Madrid alipoambukizwa Ebola, mamlaka zilimuua mbwa wake, Excalibur, bila kumpima, licha ya maandamano. Siku chache baadaye, mjini Dallas, mbwa wa muuguzi mwingine aliyeambukizwa aliwekwa karantini, akapimwa, akarudishwa kwa mwenyewe baada ya siku 21. Wauguzi wote wawili walipona. Mmoja alirudi kwenye nyumba isiyo na mbwa. Tanzania imeshakuwa na milipuko miwili ya Marburg mkoani Kagera, mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2025, na Katavi inatazamana na Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Si vibaya kuamua leo, kichwa kikiwa kimetulia, kwamba mbwa wa mgonjwa atafungwa na kulishwa na mtu aliyefundishwa. Usiku wa taharuki hakuna atakayetunga utaratibu.

Pemba ndiyo ushahidi wa upande wa pili. Ni kisiwa cha Waislamu, mbwa ni wachache na wengi hawataki hata kuwagusa, lakini kichaa kilikuwepo na kiliua. Chanjo za mfululizo zilizoanza 2010 zilikiondoa, kikarudishwa mwaka 2016, kikaondolewa tena kufikia 2018. Kurudi kwake baada ya ushindi kunafundisha kuliko ushindi wenyewe: mbwa wachache wenye ugonjwa wakivushwa kwenye chombo wanatosha. Katavi si kisiwa. Ina barabara ya Sumbawanga, ya Tabora na ya Kigoma, reli ya kutoka Kaliua iliyojengwa enzi za Mwingereza kwa ajili ya madini ya risasi, na ng'ombe wanaoingia kwa njia ambazo hazimo kwenye ramani yoyote. Ikichanja peke yake huku Rukwa na Tabora wamelala, itakuwa kazi ya kujaza gunia lililotoboka.

Kuna ugonjwa mwingine ambao miongozo ya miji mikubwa haiutaji kabisa, na kwa Katavi huenda ndio unaoua mbwa wengi bila kuandikwa popote. Unaletwa na ndorobo. Misitu ya miombo inayoizunguka Hifadhi ya Taifa Katavi ni makazi yake, na magharibi mwa Tanganyika ugonjwa wa malale ulikuwa mzito kiasi kwamba Waingereza, miaka ya 1920, waliwahamisha watu kutoka vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya kwenye makazi makubwa. Mbwa anaumwa na vimelea vya jamaa hiyo hiyo. Akirudi kutoka porini na warina asali, wiki chache baadaye anapata homa, anakonda, ufizi unakuwa mweupe, tezi zinavimba, na macho yanaingia ukungu wa bluu hadi asione. Watu husema ametemewa mate na swila. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mate ya swila hayamkondeshi mbwa.

Dawa ipo, ile ya unga wa njano wanayochomwa ng'ombe wenye nagana, yaani ugonjwa huo kwa mifugo, na hapo ndipo msiba wa pili unapoanza. Mbwa si ndama. Kipimo kikizidi kidogo tu, dawa hiyo huharibu ubongo na mbwa hufa akitetemeka, mwenye mbwa akiamini ugonjwa ulikuwa mkali. Apimwe uzito kwanza, hata kwa mizani ya mpunga. Ile ya kuogeshea ng'ombe nayo isimwagwe juu ya mbwa kama ilivyo kwenye chupa, ataramba. Watafiti waliochunguza mbwa magharibi mwa Kenya walipendekeza mbwa wanaougua hivi wachukuliwe kama dalili ya mapema kwamba malale ya binadamu yako karibu. Mbwa watatu wenye macho ya bluu katika kitongoji kimoja cha Ilunde wangestahili kutajwa kwenye simu ya afisa mifugo kwa mganga wa zahanati. Tanzania imeweka kichaa na malale kwenye orodha ya magonjwa ya kipaumbele yanayotoka kwa wanyama, na Ofisi ya Waziri Mkuu ina dawati la Afya Moja, la kuunganisha afya ya watu na ya wanyama. Dawati liko Dodoma. Simu hiyo iko kijijini.

Upande wa hifadhi nitapita haraka. Mwaka 1994 virusi vya distempa, jamaa wa karibu wa surua, viliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya jirani walihusishwa. Mbwa mwitu wa huko nao walikuwa wameshapungua na kutoweka miaka michache kabla, kichaa kikiwa kimethibitishwa kati yao. Katavi ina simba na ina mbwa mwitu, na Sitalike iko mlangoni mwa hifadhi. Kwa hiyo wanaopenda wanyamapori wana sababu yao wenyewe ya kulipia sindano ya mbwa wa Sitalike, na sioni kwa nini wasiombwe.

Nyumbani, kumtunza mbwa wakati wa mlipuko wowote kunaanza na sufuria. Mbwa anayelishwa jioni, hata ukoko na maji ya dagaa, hazururi mbali kutafuta machinjio, na asiyezurura hakutani na mgonjwa. Mlipuko ukibana kipato, mbwa ndiye wa kwanza kukatwa chakula, na ndipo makundi yanapojikusanya dampo. Azoeshwe kamba tangu mdogo. Siku ya chanjo au siku ya kufungwa siku kumi haitakuwa vita. Kadi yake ikae pamoja na kadi za kliniki za watoto, mahali pasipovuja.

Yanabaki mambo ya fedha. Ng'ombe analipa ushuru mnadani, kwa hiyo ana mtetezi kwenye bajeti ya halmashauri. Mbwa halipi. Mwaka 2025 serikali ilipozindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo kwa ruzuku, orodha ilikuwa ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku. Lakini katika vitongoji vya wafugaji wa Mlele, Tanganyika na Mpimbwe, ng'ombe wakiswagwa kwenda joshoni kuchanjwa homa ya mapafu, mbwa wanakwenda nao bila kuitwa na kulala kivulini hadi kazi iishe. Timu ipo, boksi la barafu lipo, mwenye mbwa yupo na fimbo mkononi. Kinachokosekana ni dozi za kichaa kwenye boksi hilo na mstari mmoja wa bajeti. Msimu uwe Julai hadi Septemba, mahindi yakiwa yameshavunwa na barabara zikiwa kavu, na janga lolote likija, kazi hii ihesabiwe pamoja na zile zisizosimama. Kwa kata za mjini kama Nsemulwa na Kashaulili, ambako hakuna josho, kituo kibaki shule ya msingi, siku iwe Jumamosi, na mama mwenye beseni asirudishwe.